Mifuko Kenda ya Juu ya Moto

Muhindo, na weye Masika, ninyi munabakia mu labo. Mulinilomba niandike mambo ya kazi yetu, “kidogo tu, Mama Kanyere,” mbele niache kazi na nikae nyumba kabisa. Bon. Nilisoma mpaka mwaka ya ine ya primaire, kule Kasugho, kwa Mwalimu Paluku Zakaria, na mukono yangu inaandika pole pole sawa mutu anapanda mulima na muzigo ya viazi. Lakini kichwa yangu haisahaulaka jina ya mutu. Kwa hiyo nitaandika na majina, na fasi mutaona nimekosea maandishi, mutanyamaza.

Mambo ya kupandishwa cheo sitaandika. Haijafunza mutu yeyote kuosha chupa.

Nilifika ku faculté ya pharmacie, hapa Butembo, na kitambaa ya kilio ingali ku kichwa. Bwana yangu, Kakule Mathias, alikuwa ametuacha mwezi ile ile, na nilikuwa nimebakia na batoto batano. Aliyenipokea alikuwa Papa Kasereka Vincent, mwenye kutengeneza dawa na kutunza bintu ya labo, mutu murefu, mukavu, na blouse, koti nyeupe ya labo, iliyotobolewa na acide mpaka inafanana na wavu ya samaki. Hakuangalia barua yangu. Aliangalia mikono yangu.

“Ulisoma mpaka wapi, mama?”

“Mpaka ya ine.”

“Inatosha. Hapa tunahesabu mpaka tatu.”

Tatu ni maji. Maji ya kwanza ni na sabuni na goupillon, ile burashi ya shingo ndefu. Maji ya pili ni ya robinet, ya bomba, mingi, bila huruma. Maji ya tatu ni eau distillée, maji iliyopita mu mvuke na kurudia maji, haina chumvi, haina utamu, haina kitu. Kisha unageuza kioo, unaangalia. Maji ikishuka yote pamoja sawa kitambaa, kioo iko safi. Ikibakia matone matone, kungali mafuta ya mukono ya mutu fulani, unarudilia. Papa Vincent alikuwa anainua kila chupa mbele ya dirisha. Mwezi ya kwanza alinirudishia zote. Mwezi ya pili alinirudishia nusu. Mwezi ya tatu akaacha kuinua, na hakusema kitu. Ile kunyamaza njo ilikuwa diploma yangu.

Siku ile ya kwanza nilivunja ballon moja, ile chupa ya tumbo mviringo, iliyotoka mbali. Nilikusanya bipande mu kitenge yangu, nikawaza kuizika nyuma ya choo. Papa Vincent alisikia kitenge inalia kengele kengele. Akanipeleka ku ukuta, fasi kulitundikwa daftari moja na musumari. Ndani kuliandikwa, musitari kwa musitari: siku gani, kitu gani kilivunjika, na jina ya mwenye alivunja. Hakuna malipo, hakuna matusi. Jina tu. Jina yake mwenyewe ilirudilia kuliko ya mutu yeyote.

“Kioo inavunjikaka, Mama Kanyere,” alisema. “Hiyo tunajua. Lakini kipande ikibakia mu lavabo ya kuoshea bila mutu kusema, kesho itakata mukono ya mwengine. Andika.”

Niliandika: Kanyere Léocadie, ballon moja. Ilinikamata muda ya kupika maharagi.

Ndiyo vile niliingia. Miaka ilipita, banafunzi bakaja na bakaenda. Mutajionea, banafunzi banaandikaka jina ya dawa ku chupa na kalamu inayotoka na maji, kisha banakuja: “Mama Kanyere, hii chupa ilikuwa na nini?” Nilikuwa nabajibu: ya nani, ninajua, ya nini, muulize Mungu. Kulikuwa Mumbere Gratien, aliyeweka sombe yake, majani ya muhogo, mu frigo pembeni ya boîte za microbe, bile bisahani bya kuotesha, akakula saa sita na hamu kubwa. Nilimuangalia siku tatu. Hakuugua. Sikumuambia kitu, juu ya nini nimusumbue.

Lakini ninaandika hii karatasi juu ya Kahindo Espérance.

Nilimujua tangu angali mwanafunzi, binti wa mwalimu mumoja wa Kiprotestanti wa Beni. Akakuwa assistante, kisha akaanza thèse ya docteur. Miye nilikuwa nawaza thèse ni masomo sawa ingine, mutu anakaa ku banc, mwalimu anasema, yeye anaandika. Kumbe hakuna mwalimu anayejua jibu. Mutu anakamata jani moja, anakaa nayo miaka ine, tano, anaiuliza neno moja tu, na jani inakataa kusema. Mutu anakonda. Bamama ku soko balikuwa banamuuliza Kahindo ataolewa lini, yeye anajibu, “Nyuma ya thèse.” Bengine balizania thèse ni muzee fulani mugonjwa ya famille yao.

Jani yake ilikuwa ya muti mudogo unaoota pembeni ya pori, nyuma ya mashamba ya kakao, ngambo ya Oicha. Bamama ba kule banaisaga, banaiweka ku kidonda, na kidonda haiozi. Kahindo alitaka kujua: ni jani njo inaua microbe, ao ni kidonda inajiponea yenyewe? Jina ya ule muti sitaandika. Mwenye kumuongoza mu thèse, Professeur Lokwa wa Kisangani, alituapisha tusiitangaze mbele ya wakati. Ni jina moja tu nitaficha hapa.

Kule Oicha mwenye kutuvunia alikuwa Kambale Tsongo Barthélemy, mulimaji wa kakao, pamoja na bibi yake na majirani yake. Mifuko ya kwanza aliileta mwenyewe ku moto, ile pikipiki, mpaka Butembo, bulongo ku nyusi. Kahindo akamuonyesha mashini, mizani, mortier ya kusagia.

“Assistante,” alisema, “hii majani utasaga miaka ine?”

“Ine, kama Mungu anasaidia.”

“Mama yangu alisagaka dakika mbili, na kidonda inapona.”

“Papa Tsongo, mama yako hakukuwa na jury ya kumupima.”

Tulicheka. Kisha akanigeukia: “Na weye, mama, utajua namna gani mufuko ni ya nani? Kule tuko ba-Kambale bawili.”

Alikuwa na haki kuuliza. Siye batu ba huku, mutoto anapata jina kufuatana na alivyozaliwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu; ukiita Kambale mu soko, banaume kumi banageuka. Mufuko yenye kuandikwa “Kambale” haisemi kitu. Na kwetu hapana kupokea mavuno bila kujua ni ya mukono gani. Utamushukuru nani? Nikamuambia, “Unitajie bavunaji bote na majina yao yote.” Akataja mara moja. Nikamurudishia zote, na zile za Kikristo. Akatikisa kichwa: “Mama, weye ungekuwa mu bureau ya état civil, fasi ya kuandikisha batoto, hakuna mutu angezaliwa bure.”

Toka ile siku, kila mufuko ikifika ku pikipiki, nilikuwa nalomba jina ya mwenye kuvuna, namushukuru kwa sauti ata kama hayuko, kisha naweka mufuko mu mustari. Mu registre ya Kahindo kuliandikwa namba, siku, na kilo. Kahindo alisema majina haina kazi mu science. Nilimuacha na science yake. Mifuko yote ilikuwa makumi mbili na tatu.

Sasa musikilize muzuri juu ya kukausha, sababu kazi hii itakuwa yenu. Majani ya kuchunguza inakauka mu kivuli, juu ya wavu, upepo inapita, siku kumi, unageuza na mukono asubui na mangaribi. Jua hapana. Moto hapana. Kahindo aliisema siku ya kwanza, na miye nilisikia. Sitaandika hapa kama sikusikia.

Mwaka ile mvua haikujua kuacha. Chumba ya kukaushia ilitoka maji ku ukuta. Courant ilikuwa imekatika, étuve, ile kabati ya kukausha na joto ya umeme, ilikuwa sanduku tu. Kahindo alikuwa amepanda ndege ku Rughenda kwenda Kisangani kwa Professeur, juma tatu. Papa Vincent alikuwa amepumzika kazi, anakaa kwa batoto yake Lubero, macho inazimika. Siku moja nikageuza majani, nikaona nyeupe nyeupe sawa unga. Ukungu. Mifuko kenda ilikuwa inaanza kuoza mbele yangu, na hakukuwa mutu wa kuuliza.

Nikaibeba kwangu.

Juu ya mafiga yangu, sawa mu kila jiko ya kwetu, kuko kichanja ya miti. Pale njo tunawekaka mbegu ya mahindi na ya maharagi. Moshi inailinda, mududu haingii, na mwaka inayokuja inaota. Mama yangu aliweka pale, na mama yake. Mu kichwa yangu pale haikukuwa “moto”. Moto ni ya chini, inayopika. Juu ni fasi ya kutunza kitu unachopenda. Kama mungeniuliza ile siku, “Mama, umekausha na moto?” ningeapa hapana, na moyo safi.

Siku ine, ikakauka muzuri kabisa. Nikairudisha, kila moja fasi yake mu mustari. Kahindo akarudia kutoka Kisangani, akakamata jani, ikavunjika mu vidole sawa biscuit.

“Mama Kanyere! Na hii mvua yote! Umeikausha namna gani?”

“Pole pole,” nikajibu.

Haikukuwa uongo. Lakini haikukuwa jibu. Nilikuwa na furaha ya kusifiwa, na mutu anayesifiwa haongezi maneno.

Kisha akaanza kuuliza jani yake. Munajua namna: majani inasagwa, inalala mu alcool, inachujwa, na ile maji yake mweusi inawekwa tone moja mu boîte fasi microbe zimeoteshwa. Kama dawa inaua, kunaonekana mviringo safi, fasi microbe haikuweza kukaa. Mifuko ya kwanza ilitoa mviringo mudogo, sawa punje ya dengu. Kahindo akanuna. Halafu siku moja akapiga kelele mu labo mpaka nikazania amejimwangia acide.

“Mama, kuja uone! Kuja!”

Mviringo ilikuwa kubwa sawa kifungo ya koti. Na ku boîte ya pili. Na ya tatu. Alinikumbatia na gants zake zote mu mikono. Akaandikia Professeur, Professeur akajibu siku ile ile na maneno makubwa makubwa, akisema hii sasa ni thèse, atakuja mwenyewe kuiona. Nilipika chai. Tulikunywa tumesimama.

Ni juma ile ile njo habari ya Oicha ilifika. Batu ba mapanga baliingia mu mashamba, muchana, wakati ya kuvuna kakao. Kambale Tsongo Barthélemy alikufa chini ya kakao yake. Bengine bakakimbilia Beni, bengine pori, barabara ikafungwa. Kahindo alisikia ku simu mu corridor. Alirudi, akakaa ku kiti ya Papa Vincent, hakuvua blouse mpaka mangaribi. Neno moja tu alisema: “Alikuwa ananiuliza kila mara jani imesema nini, na sasa njo nilikuwa na jibu ya kumupa.”

Kesho yake niliosha mortier yake. Ilikuwa ile yenye kusaga mifuko ya mviringo kubwa. Nikamwaga maji ya moto ndani, mvuke ikapanda ku uso yangu, na nikasikia harufu ya jiko yangu.

Nilisimama pale na goupillon mu mukono. Hakuna mutu wa huku hajui kama nyama ya moshi haiozi. Samaki ya moshi inatoka ziwa, inafika Butembo, inakaa juma mbili mu soko, haiozi. Ni nini inakimbiza kuoza? Moshi. Na ni nini ilikuwa inakimbiza microbe mu boîte za Kahindo? Sikuhitaji mwaka ya tano ya primaire.

Nilinyamaza siku kumi na ine. Ninaandika hesabu juu munijue. Nilijiambia: kama nasema, thèse yake inavunjika, na majani ingine hakuna, Oicha haifikiki, aliyevuna amekufa. Kama nanyamaza, anakuwa docteur, nani anakufa? Lakini juma ya pili nilijijibu mwenyewe. Mutu fulani, siku fulani, ataweka ile jani ku kidonda ya mutoto, bila moshi, juu kitabu ya Docteur Kahindo imesema inaua. Jumapili ku misa sikuweza kupokea komunyo. Mujukuu yangu akaniuliza kama niko mugonjwa.

Siku ya kumi na tano, asubui, nikatosha daftari ya Papa Vincent ku musumari. Ilikuwa na vumbi; tangu aende hakuna mutu alikuwa ameandika. Niliandika, nikaiweka mbele ya Kahindo.

Akasoma kwa sauti: “Kanyere Léocadie, mifuko kenda.” Akacheka. “Mama, mufuko inavunjika?”

“Soma yote.”

“‘Juu ya moto.’” Akainua macho. “Juu ya moto namna gani?”

“Kwangu. Ku kichanja. Wakati ya mvua, ulikuwa Kisangani.”

Aliweka kalamu chini pole pole sana, sawa kalamu ni kitu ya kuvunjika.

“Tangu lini unajua?”

“Kukausha, tangu mvua. Kujua yenye nilifanya, siku kumi na ine.”

“Siku kumi na ine! Mama, Professeur ameshakata tiketi! Na Oicha hakuna kurudi. Unajua kama hakuna kurudi?”

“Ninajua.”

“Ungenyamaza tu,” alisema, na machozi ikaanza. “Wee Mama Kanyere, nani angejua? Nani?”

Nilikuwa nimeshajijibu, na haikukuwa neno ya kumutupia mutoto ya mutu mu uso. Alilia na kichwa juu ya meza. Nilibakia pale, nikawaza atanifukuza, na nilikuwa tayari. Nilikuwa nimefunga vitambaa vyangu mu kitunga. Alipoinua kichwa, alipangusa pua na mukono ya blouse, akavuta registre.

“Mifuko gani?” akauliza.

“Sijui namba.”

“Mungu wangu.”

“Ninajua majina. Andika. Ya kwanza, Kambale Tsongo Barthélemy, kivuli. Ya pili, bibi yake Katungu Régine, kivuli. Ya tatu, Paluku Ézéchiel, mwenye mguu mubaya, kivuli. Ya ine, Kavugho Anastasie...”

“Pole pole.”

“...kivuli. Ya tano, Kambale Siméon, ule Kambale mwengine. Hiyo moto.”

Alikuwa anaandika pembeni ya namba zake, mustari kwa mustari, na kila siku ya registre ilipatana na yenye nilikuwa nasema. Tulifika ya kumi na moja, Kavugho Anastasie tena, moto. Kahindo akasimamisha kalamu.

“Huyu angali muzima?”

“Hapana. Batu baliokimbilia Beni balisema alikuwa nyuma ya Tsongo mu shamba.”

Akaandika. Ya kumi na mbili, Paluku Ézéchiel, moto. Kalamu ikasimama tena. Nikasema, “Na mguu ile hakuweza kukimbia.” Ya kumi na tatu. Ya kumi na ine. Mbele ya hapo nilikuwa sijawahi kuyasema ile majina yote pamoja tangu habari ifike. Tulipomaliza makumi mbili na tatu, moto ilikuwa kenda, kivuli kumi na ine. Kahindo akahesabu mviringo zake mu daftari. Mviringo kubwa zote zilikuwa ku majina ya moto. Hakukukosa ata moja.

Professeur Lokwa akashuka ku Rughenda siku iliyosemwa, mutu munene, suti ya bulu, anapumua na kinywa. Kahindo akamuelezea yote mbele ya kukaa. Akageuka.

“Nani alipeleka majani ya thèse mu jiko?”

“Ni miye, Professeur.”

“Na tunapaswa kuamini kichwa ya mama mumoja, kwa mifuko makumi mbili na tatu?”

“Hapana kuamini,” nikasema. “Pale kwangu moto ingaliko. Ukamate jani yoyote, ya bure bure, nusu mu kivuli, nusu juu ya kichanja yangu. Uone kama ya moshi itaua.”

Akavuta kiti, akakaa. Kisha akamuambia Kahindo na Kifaransa kitu nilichoelewa nusu, juu ya bawalimu yake mwenyewe, kama hata bao balikuwa banasahau kulinganisha na jani ya bure.

Tulikamata majani ya maharagi. Hakuna mutu duniani alishaponesha kidonda na majani ya maharagi. Nyuma ya juma moja na nusu, Kahindo alifungua boîte mbele yetu bote. Maharagi ya kivuli: hakuna kitu. Maharagi ya moshi: mviringo sawa kifungo ya koti. Professeur akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa. “Madame Kanyere,” alisema, “umegundua dawa ya maharagi.” Kahindo alicheka pia, na machozi. Miaka mbili ya kazi ilikuwa imekwenda na ile kicheko.

Ilibidi aanze upya na mifuko kumi na ine ya kivuli, na ndani ya hiyo nyingi ilikuwa imebakia mikono mbili tatu tu ya majani. Alipima sawa mama anayegawa chumvi ya mwisho. Ilimukamata mwaka mbili ingine. Jani ya Oicha, yenyewe, bila moshi, inatoa mviringo mudogo, sawa punje ya dengu. Inasaidia kidogo. Haisaidii sawa vile tulisema ile siku ya chai. Na kipande kubwa ya thèse ikakuwa juu ya kukausha: namna moshi inaweza kudanganya mutu wa science, na namna ya kuijua. Papa Vincent, mbele ya kufa, nilimupigia simu Lubero nimuambie. Akauliza tu, “Uliandika?” Nikasema niliandika. Akasema, “Bon.”

Siku ya kusimama mbele ya jury nilikuwa nyuma ya salle, na kitenge mupya, pembeni ya bazazi ba Kahindo. Alisema saa moja nzima. Kisha mumoja ya jury, mutu wa kutoka mbali, akafungua thèse ku mwisho, fasi ya tableau ya mifuko.

“Mademoiselle, hapa kuko namba, siku, kilo, namna ya kukausha. Muzuri. Lakini hii colonne ya majina? Thèse haiko registre ya ubatizo ya paroisse. Utaitosha mbele ya kuchapisha.”

Kahindo alishikilia meza.

“Sitaitosha,” alisema. “Siye tulikuwa na namba, na namba ilitudanganya. Aliyejua ukweli aliijua kwa majina. Mutu akitaka kuhakikisha kazi yangu, atapitia ile colonne, njia ingine hakuna.” Akageuka, akaniita kutoka kule mbele, sawa tuko babili tu mu labo. “Mama Kanyere! Mufuko ya kumi na saba?”

Nilisimama.

“Kambale Tsongo Barthélemy, wa Oicha,” nikasema. “Majani ya pembeni ya kakao yake. Ya mwisho alituma. Ilikauka mu kivuli.”

Mutu wa jury aliangalia ku tableau, akafuata mustari na kidole. Akafunga kitabu. “Colonne ibakie,” alisema.

Sasa siku hizi yeye ni Docteur Kahindo, na anawafunza ninyi, na hajaolewa. Bamama ba soko banatafuta sababu ingine. Miye ninawaachia goupillon, daftari na musumari yake. Muandike mwenye kuvuna, na majina yake yote. Muandike mwenye kuvunja, ata kama ni docteur.

Na kitu moja tena. Mu kabati ya dirisha, étagère ya tatu, kuko chupa moja yenye kifuniko ya bulu, na mukono moja ya majani makavu ya mufuko ya kumi na saba ndani. Mutaona vumbi inje, na mutawaza Mama Kanyere alisahau. Sikusahau. Ku karatasi yake, na mukono yangu mubaya, kumeandikwa jina ya mutu. Ile chupa hapana kuosha.